Saa Niliyoilegeza kwa Ajili Yake

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili ili ninyamaze.

Hata namna yake ya kuninyamazisha ni tamu. Jana alirudi na madaftari mawili ya jalada la bluu, moja la hesabu zake, moja langu. Akaniambia, "Fundi wangu, kila nikianza jaribio unaniongelesha. Mara maji, mara mto wa mgongo, mara oh, umependeza ukikunja uso. Yote hayo yaandike humo. Sitayasoma, naapa."

Basi naandika. Leo ni siku ya hamsini na moja tangu tufunge ndoa. Yuko mbele yangu mezani, penseli nyuma ya sikio, kanga imemteleza begani na hajui. Amependeza akikunja uso.

Niweke mambo wazi, nisije nikayasahau uzeeni. Mke wangu ni karani wa stoo katika kampuni ya karatasi na vifaa vya ofisi. Anataka kuingia chuo cha biashara. Bosi wake ameandika barua: akifaulu mtihani wa kuingia, anapewa ruhusa ya miaka miwili na kazi yake inamsubiri. Barua hiyo ni ya mwaka huu tu. Mtihani ni Jumamosi, tarehe tatu Mei, na alama inayotakiwa ni sabini kwa mia. Akipata sitini na tisa anabaki kuhesabu maboksi ya karatasi.

Mtihani una sehemu tatu: hesabu, lugha na kusoma majedwali. Kila sehemu maswali ishirini, dakika arobaini na tano. Simu hairuhusiwi, saa ya mkononi hairuhusiwi. Kwa hiyo nyumbani simu zetu zinafungiwa kabatini, na mezani tumeweka saa ya kengele, ile ya kijani niliyopewa na fundi aliyenifundisha kazi ya kutengeneza saa. Saa nyingine za humu ndani ni za wateja, na hakuna mbili zinazokubaliana. Ukitaka kujua saa nyumbani kwetu unapiga kura. Lakini hiyo ya kijani haijawahi kudanganya, nami nilimwambia hivyo nilipoiweka mbele yake.

Kengele imelia. Amepata hamsini na nane. Amesema, "Bado kumi na mbili," akanibusu kwenye paji la uso kana kwamba ni mimi niliyekosa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua zimeanza. Tumekula chini ya mwavuli mmoja kwa sababu paa linavuja juu ya meza. Siku ya hamsini na mbili, na ndiyo tamu kuliko zote.

Alhamisi, 6 Machi

Kitabu cha majaribio anachotumia si kipya. Nilikuwa nakifuta vumbi nikaona maandishi ya penseli pembeni mwa kurasa. Mwandiko mzuri, umelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. "Hapa pumua kwanza." "Usiogope jedwali, linajifanya kubwa." Ukurasa wa tisini na nne: "Umefika mbali, usiache sasa!"

Nikamuuliza, "Nani huyu anayekuambia upumue?"

"Ni yule tunayemwita Miwani, wa idara ya mauzo. Na yeye anafanya mtihani. Hakuniandikia mimi, alijiandikia mwenyewe mwaka jana."

"Mtu anajiambia mwenyewe usiogope?"

"Wewe hujiambii?"

Mimi sijiambii. Alipoingia kuoga nilichukua ufutio nikafuta ukurasa wa tisini na nne.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwona. Kila Jumamosi Miwani anafungua chumba cha mafunzo pale kazini kwao, penye kompyuta mbili, wanafanya jaribio kwenye mashine kama ile ya mtihani wenyewe. Nilimsindikiza mke wangu hadi getini na mwavuli. Akatoka kijana mrefu, shati limenyooka kama limetoka dukani leo, miwani ya fremu nyembamba, anatabasamu hadi kwa mlinzi.

"Shemeji! Karibu ndani, kuna chai."

Neno shemeji huwa nalipenda. Ndugu za mke wangu wakiniita hivyo nanenepa. Kinywani mwake lilinikwaruza. Nikasema nina wateja. Sikuwa na mteja hata mmoja, nilikuwa na mwavuli na viatu vilivyolowa.

Alirudi saa nane, amechangamka kama ametoka harusini. Akanieleza mpaka sauti ikamkauka. Kwenye kitabu, swali likikushinda unaliruka, unarudi baadaye. Kwenye mashine hakuna kurudi. Swali moja kwa wakati, ukilipita limekwenda. Ukipata sawa linalofuata ni gumu zaidi, kwa hiyo ukianza kuona maswali yanakulemea ujue unafanya vizuri. Na pembeni kuna saa ndogo, ikibaki dakika tano inakuwa nyekundu.

"Kitabu kinakusubiri," akasema. "Mashine inakupita kama haikujui."

Kapata hamsini na tisa. Miwani kapata sitini na sita. Sikuuliza ya Miwani. Kaniambia mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Kibanda changu kimebanana na cha fundi viatu. Mzee huyu hana siku anayoniacha nipumue.

"Bwana harusi! Naona leo lenzi umeiweka jicho lisilo lake. Mke kafanya nini?"

"Anasoma."

"Anasoma na nani?"

"Na kitabu."

"Kitabu kina ndevu?"

Nikamwambia ashone soli yake. Akasema soli haina wivu, ndiyo maana anaipenda.

Jumapili, 16 Machi

Nimefanya jambo dogo, na nimelifanya kwa mapenzi.

Jana alirudi kutoka kwenye mashine na sitini, macho yamemvimba. Miwani kampa moyo, kamwambia bado muda upo. Miwani kamwambia hivi, Miwani kamwambia vile. Wakati wa kula nilihesabu jina hilo likitajwa mara kumi na moja. Langu lilitajwa mara moja, niliposhauriwa nisimwage mchuzi.

Leo asubuhi, alipokuwa sokoni, nilifungua mgongo wa saa ya kijani. Ndani ya saa kuna waya mwembamba kama unywele, umejikunja kama konokono, nao ndio unaoongoza mwendo. Ukiurefusha, saa inakwenda kwa uvivu. Niliurefusha kidogo tu. Sasa inachelewa dakika tatu kila saa. Nikaijaribu mara mbili kwa saa nyingine. Kazi safi, hata fundi wangu angenisifu, kama asingeniuliza ni ya nini.

Alasiri akafanya jaribio. Kengele ilipolia alikuwa amefika swali la mwisho katika sehemu zote tatu.

Sitini na sita! Aliruka, akanikumbatia, akanizungusha mimi na kiti changu. Sawasawa na Miwani! "Ni wewe," akasema. "Nikiwa na wewe kichwa kinafunguka."

Nani angesema ukweli wakati ule? Nionyesheni mume huyo.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua kutwa. Wateja hawakuja. Nimemtengenezea taa ya kusomea kutoka kwenye mkono wa mashine ya zamani ya kushonea. Ameibusu taa. Nimeionea wivu taa.

Jumamosi, 22 Machi

Kwenye mashine kapata sitini tena. Njia nzima mwavuli umeinamia upande wake na mimi nalowa bila kujali. Miwani leo kapata sitini na tisa.

Sitini na tisa. Bado moja tu afike.

Jumapili, 23 Machi

Nimeifungua saa tena. Sasa inachelewa dakika sita kila saa.

Sabini na tatu! Mke wangu kavuka! Kamzidi Miwani alama nne. Kachukua ile karatasi ya majibu akaibandika ukutani juu ya kitanda, karibu na picha yetu ya harusi. Katika picha nimesimama nikiwa na tabasamu la mtu asiyejua kitu. Leo nimekaa chini yake nikiwa na la mtu anayejua, na sikupenda kuyaona mawili hayo pamoja.

Jumapili, 30 Machi

Ushindi! Jana mashine ilimpa sitini na moja, na leo nyumbani sabini na mbili. Akakaa kitandani, miguu imekunjwa, akatoa hukumu.

"Nimeelewa shida yangu. Mimi si mtu wa kusoma na watu. Pale kwa Miwani nabanwa, najiona mjinga, swali la mwisho silifikii. Hapa niko huru. Kuanzia sasa siendi Jumamosi."

"Una hakika?" nikauliza, kwa sauti ya mtu anayejali.

"Nina hakika. Nitabaki na wewe na saa yetu."

Nilitoka nje kana kwamba nachota maji nikacheza peke yangu kwenye mvua. Jirani aliniona. Mwache aone.

Alhamisi, 3 Aprili

Bado mwezi mmoja. Jina la Miwani halijatajwa tangu Jumatatu. Nyumba ina hewa.

Jumapili, 6 Aprili

Sabini na nne. Amempigia simu mama yake, akampigia mama yangu, akamwambia hata mwenye duka la unga. Mama yangu akaomba kuongea nami: "Mwanangu, umeoa kichwa. Kitunze."

Nimesema ndiyo mama.

Usingizi unanipaa siku hizi. Nadhani ni kelele za mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo lazima niandike yote.

Saa nne asubuhi nilikuwa nimeinama na lenzi jichoni, nikaona kivuli mezani. "Shemeji, shikamoo ya kazi." Miwani. Shati halina hata tone la mvua, sijui anapita wapi. Fundi viatu akaacha nyundo hewani, mdomo wazi, mtu aliyepata alichokisubiri.

Miwani akavua saa yake. "Inahitaji kusafishwa na mkanda mpya. Nitaipitia Jumatatu." Kisha akavuta kile kigoda cha wateja, akaketi bila kukaribishwa.

"Shemeji, nimekuja kwa jambo jingine. Mkeo ameacha kuja."

"Anasoma nyumbani."

"Kaniambia. Kaniambia anapata sabini na kitu. Nami naamini, maana kichwa anacho, ananishinda mbali. Kwenye majedwali mimi ndiye ninayemwuliza." Akashusha sauti. "Lakini kwenye mashine kuna kitu simwelewi. Anaanza vizuri kuliko mimi. Anafika katikati yuko juu. Halafu mwishoni muda unamwishia, maswali mawili ya mwisho hayagusi. Kila sehemu, kila Jumamosi. Na kule swali usilolijibu linakugharimu kuliko ulilokosea. Mwanzoni alikuwa anakaribia. Siku za mwisho akawa anazidi kuchelewa, kama mtu aliyezoea mwendo mwingine."

Koleo ilinidondoka. Nikainama kuiokota, nikakaa kule chini muda mrefu kuliko koleo ilivyohitaji.

"Sasa wewe ni mtu wa saa," akaendelea. "Hakuna anayejua muda kama wewe. Mfundishe kuusikia. Mimi mwaka jana nilianguka hivyohivyo. Nyumbani nilikuwa najiongezea dakika mbili, dakika tatu, najiambia si kitu. Niliingia mle ndani na alama za uongo kichwani. Nilipata sitini na tano. Nililia chooni, shemeji, na tai shingoni."

Akainuka, akanishukuru. Yeye ananishukuru mimi!

Alipoondoka fundi viatu akagonga msumari mmoja, akasema taratibu, "Mtu mzuri yule." Kisha, kwa sababu hawezi kujizuia: "Sana."

Ijumaa, 11 Aprili

Nikisema mtu ameniumiza kwa wema wake, watu watanicheka. Lakini ndivyo ilivyo. Angekuwa fisadi ningelala vizuri.

Leo nimeisafisha saa yake. Nilipomaliza nilikuwa na mgongo wake wazi mbele yangu, unywele unapumua, kushoto, kulia. Milango ya chumba cha mtihani inafungwa saa tatu kamili. Nikaurefusha. Ichelewe robo saa kwa siku. Afike pale na shati lake lililonyooka akute mlango umefungwa. Najua ana simu. Wivu haukumbuki simu.

Nikaifunga, nikaivisha mkanda mpya, nikaiweka kwenye bahasha.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimefika kibandani kabla ya fundi viatu. Nimeitoa saa ya Miwani kwenye bahasha, nimeirudisha kama ilivyokuwa, nimeipima mara tatu. Inakwenda sawa kabisa.

Miaka tisa watu wamenipa saa zao zilizoharibika. Hii ni mara ya kwanza nimepewa nzima nikaiharibu. Si mara ya kwanza, nimeandika uongo. Ni mara ya pili.

Jumapili, 13 Aprili

Aliketi mezani, akanyoosha mkono kuigeuza saa ya kijani. Nikaufunika mkono wake na wangu.

"Mke wangu, saa hii inachelewa."

"Kiasi gani?"

"Dakika sita kila saa."

Akacheka. "Fundi mzima una saa mbovu mezani kwako? Irekebishe basi."

"Si mbovu. Niliichelewesha mimi."

Kicheko kilibaki usoni mwake kidogo, kama taa ya mtu aliyekwisha kuondoka chumbani. Akatoa penseli nyuma ya sikio. Hakuniuliza kwa nini. Akaandika, nami nikawa natazama ncha ya penseli.

"Ikisoma arobaini na tano, kweli ni hamsini," akasema. "Dakika tano. Maswali mawili. Sehemu tatu, maswali sita. Sabini na nne yangu ni sitini na nne." Akaizungushia duara. "Na mashine inatoza zaidi kwa swali lisilojibiwa. Sitini na moja. Kwa hiyo mashine ilikuwa inasema kweli."

"Ndiyo."

"Na Miwani alikuwa anasema kweli."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na sita ya mwezi uliopita. Kwanza dakika tatu. Nilikuonea huruma."

"Halafu sita ukaona huruma gani?"

Nikakohoa. Nikasema ukweli, maana uongo ulikuwa umeisha. "Nilitaka umshinde."

"Nimshinde nani?"

"Yeye."

"Fundi." Si Fundi wangu. Fundi, kama mteja. "Hakuna wa kushindwa pale. Akipata sabini anaingia, nikipata sabini naingia. Tukipata wote tunaingia wote. Ulikuwa unanikimbiza na nani?"

Nikaigeuza saa ya kijani, uso wake ukaelekea ukutani.

"Unajua nimekuwa nikifikiri nini mwezi mzima? Kwamba nina vichwa viwili. Cha nyumbani kizima na cha nje kibovu. Nikifika kazini nasema hapa kimenikaa cha nje. Nilikuwa nakiogopa kichwa changu mwenyewe." Akaiweka penseli chini. "Na nimemwambia mama yako sabini na nne."

Akabandua karatasi ukutani juu ya kitanda. Hakuichana. Ningependa angeichana. Aliikunja vizuri mara nne, akaniwekea ndani ya mfuko wa shati.

Jumatatu, 14 Aprili

Miwani kachukua saa yake. Kasema inakwenda vizuri ajabu. Nyumbani: salamu, chakula, kimya.

Nilimwambia ni saa kumi na mbili na nusu. Akafungua kabati, akatazama simu.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Nimeacha kuhesabu siku za ndoa, naona haya kwa ile namba.

Jumatano, 16 Aprili

Alirudi kazini, hakuvua hata viatu. Akaiweka saa ya kijani mbele yangu kwa kishindo mpaka kengele ikalia yenyewe.

"Ulisema unaweza kuifanya iende polepole. Unaweza kuifanya ikimbie?"

"Naweza."

"Dakika sita?"

"Kila saa, mbele."

"Basi ifanye ikimbie. Zimebaki siku kumi na saba. Uliniongezea dakika nisizokuwa nazo, sasa ninyang'anye nilizonazo. Nikizoea arobaini na moja, arobaini na tano itakuwa kama sikukuu."

Nilifanya kazi ile mbele yake. Akasogeza taa, akainama karibu, nikasikia pumzi yake shavuni kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Nikaufupisha unywele kidogo, nikaufunga.

"Kumbe ni kitu chembamba hivi," akasema.

"Ndiyo."

"Na kinaharibu hivi."

"Ndiyo, mke wangu."

Akaichukua saa, akaiweka kando ya simu yake, akazitazama zote mbili saa nzima. Ilikimbia dakika sita kamili. Ndipo akavua viatu.

Jumamosi, 19 Aprili

Amerudi kwa Miwani. Na ameibeba saa ya kijani.

Nimeketi kibandani nikifikiri: saa ya mwalimu wangu, kazi ya mikono yangu, imekaa mezani katikati ya mke wangu na yule bwana, na wote wawili wanaitii. Nimeambiwa kwanza wanafanya sehemu moja ya kitabu kwa saa yangu, halafu mashine. Miwani kasema hajawahi kuona wazo zuri kama hilo. Kauliza ni la nani. Mke wangu kamjibu, "La mume wangu, kwa namna fulani."

Fundi viatu kaniuliza naendeleaje. Nikamwambia soli haina wivu. Akanipa nusu ya muhogo wake.

Jumapili, 20 Aprili

Kwa saa inayokimbia: hamsini na saba. Chini ya alipoanzia! Nilidhani atalia. Akauma penseli akasema, "Hii angalau ni yangu."

Jumatano, 23 Aprili

Sitini na mbili. Amebadilishana nami maneno machache wakati wa kula. Nimeyahesabu. Ishirini na tisa.

Jumapili, 27 Aprili

Sitini na saba kwa saa inayokimbia! Na jana kwenye mashine sitini na tisa. Miwani sabini na tano.

Niliona nimefurahia sitini na tisa kabla ya kuikasirikia sabini na tano. Kwangu hayo ni maendeleo.

Nilichukua penseli nikafungua kitabu ukurasa wa tisini na nne. Alama za ufutio bado zinaonekana. Nikaandika kwa mwandiko wangu, ambao haulali upande wowote, umesimama kama misumari: "Umefika mbali, usiache sasa." Kisha nikaongeza pembeni: "Maneno ya Miwani. Mimi niliyafuta."

Ijumaa, 2 Mei

Hakusoma leo. Amepiga pasi nguo ya kesho, amechonga penseli tatu ambazo hazitaruhusiwa ndani. Alipita mezani nikiwa naandika, akaniwekea mkono begani, akasema, "Nimefika ukurasa wa tisini na nne." Akaenda zake. Bega hilo bado lina joto.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua kubwa kuliko zote. Tulifika saa mbili na dakika tano. Miwani alikuwa ameshafika, na leo, Mungu ni mwema, shati lake lilikuwa limelowa kama la binadamu. Akavua saa niliyoisafisha mimi. "Shemeji, nishikie," akasema. Mke wangu naye akavua yake, akanipa. Nikabaki kwenye kibaraza nimeshika saa mbili, moja kila kiganja. Milango ikafungwa.

Saa mbili na nusu za kusubiri. Nilizitazama zile saa mpaka nikaogopa macho yangu yatazichelewesha.

Miwani alitoka kwanza. Sabini na nane. Alinikumbatia kwa nguvu, nami nikamkumbatia, na nilipoanza tu kufanya unafiki nikagundua si unafiki wote.

Mke wangu akatoka mwishoni kabisa, karatasi ameikunja mkononi, uso hausomeki. Akanipita, akaketi kwenye ngazi ya kibaraza, miguu kwenye mvua. Nikaketi kando yake.

"Kule ndani kuna kiti, skrini na ukuta," akasema. "Hakuna wa kukuletea maji. Swali la kwanza nililitazama nikasahau hata kusoma. Nikajiambia hapa pumua kwanza. Nikaanza. Yakawa magumu, nikafurahi. Yakawa magumu zaidi. Sehemu ya tatu nimebonyeza jibu la ishirini, nikatazama pembeni. Ile saa yao ndiyo kwanza ilikuwa imegeuka nyekundu. Zilibaki dakika tatu na nusu."

"Ukafanya nini?"

"Nikakaa. Huruhusiwi kurudi nyuma, basi nikakaa tu, mikono mapajani. Dakika zangu mwenyewe."

"Ulifikiri nini?"

"Nilikusamehe." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kiasi. Dakika zenyewe zilikuwa chache."

Kisha akafungua karatasi. Sabini na mbili.

Nimelia mbele ya Miwani. Ameona yote. Amenipa leso. Imenyooshwa, bila shaka.

Jumapili, 4 Mei

Nimerefusha unywele wa saa ya kijani mpaka pale ulipokuwa siku aliponipa fundi wangu. Inakwenda sawa. Mke wangu kaipima kwa simu.

Jumatano, 7 Mei

Barua ya chuo imekuja. Madarasa yanaanza Septemba. Yeye na Miwani wamepangwa kundi moja, miaka miwili, kazi za vikundi kila wiki. Nimeisoma sentensi hiyo mara sita. Kundi moja lina watu kumi na wawili. Nimemuuliza kwa utani wanaume ni wangapi. Kasema kwa utani, "Wote."

Jumamosi, 10 Mei

Mvua imekatika. Asubuhi nyeupe, paa limeacha kudondoka.

Leo saa tatu alikuwa akutane na Miwani pale kazini kwao wajaze fomu za chuo. Alikuwa bafuni, anaimba vibaya, kama alivyokuwa akiimba Januari. Mimi nilikuwa mezani na saa kumi na nne za wateja, kila moja na maoni yake, na ile ya kijani katikati. Simu yake ilikuwa kabatini.

"Mume wangu! Saa ngapi?"

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika ishirini. Ningesema saa mbili na robo. Angetoka taratibu, angekunywa chai na mimi, angenisimulia ndoto yake, na yule bwana angekaa pale akitazama mlango na fomu zake. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Saa tatu kasoro ishirini!" nikasema. "Utachelewa!"

Akatoka mbio, maji shingoni, akavaa kiatu kimoja akiruka kwa mguu mwingine. Akapita mbele ya kabati. Hakulifungua. Akanibusu kwenye paji la uso, akachukua mkoba, akaondoka akikimbia kwa saa yangu.

Siku ya mia moja na kumi na tisa.